Njaa Peke Yake Haizai Gaidi: Kakuma, Lodwar na Mizizi ya Itikadi Kali

Siku niliyopanda matatu sokoni Kakuma kwenda Lodwar, tulisimamishwa njiani kabla jua halijawa kali. Askari alifungua mlango akasema neno moja tu: vitambulisho. Mwalimu aliyeketi kando yangu alichomoa kipande chake, kikatazamwa, akakirudisha mfukoni. Mama mmoja wa Kiturkana, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni, hakuulizwa chochote. Kijana wa kiti cha nyuma alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kibali cha kutoka kambini, na tarehe yake ilikuwa imepita kwa siku moja. Akateremshwa. Hakubishana. Alizungumza na utingo kwa Kiturkana kuhusu nauli yake, akamwomba askari kwa Kiswahili, kisha akageuka na kuanza kurudi kwa miguu. Tulipoondoka, utingo alitueleza kwamba ni Msomali, na kwamba amezaliwa humo humo kambini.

Kwenye warsha za usalama, kijana wa namna hii huwekwa upesi katika fungu la wanaoweza kuvutwa na itikadi kali za kidini. Ni Mwislamu, ni Msomali, hana kazi, anakula mgao. Hesabu huishia hapo. Nimeandika makala haya kwa sababu naamini hesabu hiyo imekosewa. Kaunti ya Turkana, ambayo watu hawaitaji kabisa mada hii inapozungumzwa, ndiyo inayotuonyesha vizuri zaidi mahali ilipokosewa.

Tuanze na umaskini, maana ndio unaotajwa kwanza kila mara. Katika utafiti wa kitaifa wa mapato ya kaya wa mwaka 2015/16, karibu watu 8 kati ya kila 10 Turkana walikuwa chini ya mstari wa umaskini, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Mafuta yalipatikana Ngamia 1, upande wa Lokichar, mwezi Machi 2012, na hadi leo mchungaji wa Lokichar huyaona mafuta hayo kwenye hotuba kuliko kwenye sufuria yake. Kama ukosefu wa mali ndio ungekuwa mzizi wa ugaidi, Lodwar ingekuwa ya kwanza kutoa waandikishwa. Lakini majina yanayosikika ni mengine: Majengo ya Nairobi, Mombasa, Kwale, Lamu, Garissa, Mandera. Turkana haimo. Watu wake wana njaa, wana vijana wengi wasio na ajira, wana hata bunduki, na bado wanamgambo wa al-Shabaab hawakupata soko hapa.

Najua jibu litakalotolewa: Waturkana walio wengi ni Wakristo. Dayosisi ya Katoliki ya Lodwar imekuwepo tangu 1978, na juu ya kilima cha mji imesimama sanamu ya Yesu inayoonekana kutoka mbali. Jibu hilo lingetosha kama tusingekuwa na Shakahola. Mwezi Aprili 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa, na hesabu ya maiti ikapita 400. Wafuasi wa mhubiri wa Kikristo Paul Mackenzie walitoka pembe nyingi za Kenya. Walifundishwa kuikataa shule, wakaikataa hospitali, mwisho wakakikataa chakula, watoto wakitangulizwa. Msikitini hakuna aliyehusika na hilo. Itikadi kali haina dini yake maalumu. Huingia katika nyumba yoyote iliyoachwa mlango wazi, ikavaa kanzu ya mwenye nyumba.

Elimu nayo haisimami kama kinga. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wakaua watu 148, alikuwa Abdirahim Abdullahi, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu Mandera, na alikuwa ameshatoa taarifa kwamba mwanawe ametoweka. Ali Salim Gichunge, aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Hawa si watoto wa mgao. Walisoma, walikuwa na vitambulisho, walikuwa na baba anayelipwa na serikali.

Ukivuka bahari hadi Ulaya, ambako swali hili limechambuliwa kwa miaka mingi, utaona sura ile ile. Jumba la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa tarehe 21 Septemba 2013 na watu 67 wakauawa, mmoja wa wavamizi alitajwa kuwa Hassan Abdi Dhuhulow, mzaliwa wa Somalia aliyekulia Larvik, mji mdogo wa pwani ya Norway. Alipelekwa huko akiwa mtoto. Alipata kila kitu ambacho kijana wa Kakuma hukiota usiku: nyumba ya joto, shule ya bure, daktari, pasi ya kusafiria. Akavirudia vita. Miaka mitatu kabla ya hapo, Novemba 2010, polisi wa Kenya walimkamata katika visiwa vya Lamu kijana wa London aitwaye Michael Adebolajo, wakimshuku kwamba anaelekea Somalia. Alifikishwa mahakamani Mombasa akarejeshwa Uingereza. Mei 2013 alimuua askari Lee Rigby barabarani Woolwich. Adebolajo alizaliwa katika familia ya Wakristo wenye asili ya Nigeria, akasilimu ukubwani.

Wataalamu wawili wa Ufaransa wamebishana sana juu ya vijana hawa. Gilles Kepel anasema tuitazame itikadi yenyewe, tusome wanachokisoma, kwa kuwa mafundisho ya kisalafi yametayarisha shamba kwa muda mrefu. Olivier Roy anajibu kwamba hasira ndiyo inayotangulia na dini hufuata. Kijana ameshaamua kuikana jamii yake, kisha anatafuta bendera kubwa kuliko zote ya kuibeba. Roy alionyesha kwamba waliopatikana katika mashambulio ya Ufaransa na Ubelgiji walikuwa hasa kizazi cha pili cha wahamiaji, au watu waliosilimu. Wazazi waliohama hawakuwemo sana. Ndugu wawili wa mtaa wa Molenbeek, Brussels, waliohusika na mauaji ya watu 130 jijini Paris tarehe 13 Novemba 2015, walikuwa wakiendesha baa iliyofungwa kwa tuhuma za dawa za kulevya. Msikiti wa mtaani ungewafundisha nini walipokuwa hawaingii?

Mimi naegemea upande wa Roy, ingawa Kepel ana haki kutukumbusha kwamba mafundisho nayo yana wenyewe, wana fedha na wana mikanda. Kinachonivuta kwa Roy ni kile kizazi cha pili. Baba alihama na dini yake, na lugha yake, na makaburi ya wazee wake kichwani. Mtoto hakupewa vile, na nchi mpya haikumpa vyake. Amebaki katikati. Anayekuja na kumwambia, "Wewe si wa huku wala si wa kule, wewe ni wetu," anampa kitu ambacho hakuna mwingine aliyempa.

Sasa turudi Kakuma, kwa sababu hakuna mahali katika Afrika Mashariki palipojaa watoto wa katikati kama pale.

Waandishi wa kigeni wamezoea kuandika kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo mahali. Kiswahili hakina neno hilo. Kakuma ni mji wa Waturkana kando ya mto mkavu wa Tarach, na ulikuwa na wenyewe kabla ya hema la kwanza. Kambi ilifunguliwa 1992 kuwapokea wavulana waliotembea kutoka Sudan kupitia Ethiopia. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Waganda. Mwaka 2002 Wasomali Wabantu walihamishiwa hapa kutoka kambi ya Dadaab wakisubiri kwenda Marekani. Makazi ya Kalobeyei yalipoongezwa, 2016, wazo lilikuwa mkimbizi na mwenyeji watumie shule moja na zahanati moja. Leo Kakuma na Kalobeyei pamoja zina watu wapatao 300,000.

Aliyezaliwa mwaka kambi ilipofunguliwa sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Alisoma mtaala wa Kenya, akafanya mitihani ya Kenya, akashangilia Harambee Stars, na si Mkenya. Mogadishu au Bor anaijua kwa hadithi za bibi. Wasomali wana neno, buufis, kwa ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomkaa mtu moyoni hadi hali, halali, haoni maana ya kujenga choo wala kuoa, kwa sababu maisha yenyewe yataanza huko. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Kwa msomaji wa Nairobi ilikuwa habari ya siku moja. Kakuma, kuna watu ambao mizigo yao ilikuwa imefungwa.

Mwaka huo huo mgao wa chakula ulikatwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, na kuanzia Agosti kaya zikagawanywa kwa mafungu kulingana na uhitaji wao; fungu la mwisho halikupata kitu. Watu waliandamana. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kakuma mgeni amekaa zaidi ya miaka 30, jembe limefichwa, na sasa tunamlaumu kwamba anakula.

Kwa nadharia ya Ulaya, hapa ndipo palipostahili kuwaka. Kizazi cha katikati kipo, aibu ipo, njia imefungwa. Na bado, kwa muda wote huu, Kakuma haijawa kiwanda cha magaidi. Swali la kuuliza basi ni nini kinachomshikilia kijana yule wa matatu asidondoke.

Nimekaa jioni kadhaa kwenye mikahawa ya soko la Wasomali, ile yenye viti vya plastiki na chai ya maziwa yenye iliki, na jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba hakuna kijana asiye na mwenyewe. Mtoto akipita na sigara, mzee aliyeketi na tasbihi anamwita kwa jina la baba yake, na la babu yake. Mwalimu wa chuo anajua nani hajafika kuhitimisha juzuu. Mlango wa pili kuna Mkongo fundi cherehani anayeimba nyimbo za kanisani. Mlango wa tatu mama wa Kiethiopia anakaanga kahawa. Kijana wa pale hawezi kuaminishwa kirahisi kwamba kafiri ni jitu lenye pembe, kwa sababu kafiri mwenyewe ndiye aliyemshonea sare ya shule. Tena Wasomali wengi wa kambini walikimbia al-Shabaab wenyewe. Wana makaburi ya ushahidi. Kumwita mtu kama huyu mshukiwa ni kumtukana mara mbili.

Utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, uliotolewa 2017 baada ya kuwahoji waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali barani Afrika, uliliweka jambo hili kwa takwimu. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini wanayaelewa kidogo sana au hawayaelewi kabisa. Waliopata angalau miaka sita ya masomo ya dini walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga, pungufu ya hadi asilimia 32. Yule ustadhi mzee wa kambini, mwenye viboko na maneno mengi, anafanya kazi ya usalama ambayo hakuna bajeti inayomtambua.

Takwimu moja ya utafiti huo ingepaswa kubandikwa kila kituo cha polisi. Walipoulizwa ni jambo gani la mwisho lililowasukuma kujiunga, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali: ndugu ameuawa, rafiki amekamatwa. Mhubiri alikuwepo kitambo, na umaskini pia ulikuwepo kitambo. Kilichomvusha mtu ukingo ni mkono wa dola.

Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Mhubiri wa Kiislamu Aboud Rogo alipopigwa risasi Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, vijana waliingia barabarani kwa siku kadhaa, na wengi wao hawakuwa wanafunzi wake hadi siku ile. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa na viatu vyao. Aprili mwaka huo, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya Wasomali walikusanywa, wengine wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, na baadhi yao wakapelekwa kambini, Kakuma ikiwemo. Mtoto aliyemwona mama yake akisukumwa ndani ya lori anabeba picha ile miaka mingi. Kisha mwaka 2016 serikali ikatangaza kuzifunga kambi. Mahakama Kuu ikaizuia Februari 2017. Machi 2021 Waziri Fred Matiang'i akalipa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, siku 14 kuleta mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Kambi hazikufungwa. Lakini fikiria kulala ukijua kwamba pale ulipozaliwa panaweza kufutwa kwa tangazo la wiki mbili.

Turkana yenyewe ina kumbukumbu ya namna hii, ya zamani kuliko kambi. Waingereza walipoingia kaskazini kwa bunduki na kuwanyang'anya watu mifugo, vijana hawakuwafuata machifu walioteuliwa. Walimfuata emuron, mwaguzi Loolel Kokoi, na kiongozi wa vita Ebei. Mwaka 1918 wakoloni walileta msafara mkubwa wa kijeshi, Labur Patrol, na nchi ikakaushwa ng'ombe. Mwanahistoria John Lamphear ameiandika habari hiyo kwa kina katika kitabu chake cha 1992. Sisemi kwamba Loolel ni sawa na wahubiri wa leo. Yeye alitetea watu wake dhidi ya wavamizi. Ninachokiona ni namna mambo yanavyojipanga: dola inapomfikia kijana kama fimbo tu, neno la mtu wa Mungu hupata uzito ambao lisingeupata siku za amani.

Hapo ndipo fumbo la Lodwar nililoanza nalo linapofunguka. Hasira ya kijana wa Kiturkana haikukosekana. Ilipata mfereji mwingine, uliochimbwa zamani. Kijana asiye na ng'ombe wa mahari anajua aende wapi na akina nani, na safari zile za uvamizi upande wa Pokot au Karamoja zina baraka zake, nyimbo zake na makovu ya heshima. Damu inayomwagika mpakani ni nyingi, ila haibandikwi jina la dini, kwa hiyo haihesabiwi kwenye mada hii. Maji hufuata mfereji uliopo. Pwani na Kaskazini Mashariki mfereji uliokuwepo ulikuwa ule wa jihadi, uliochimbwa na vita vya Somalia, na kanda za mawaidha, na makaburi yasiyo na majibu. Na mfereji unaweza kufungwa na watu wenyewe: mapatano ya Lokiriama ya mwaka 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Uganda yalifanywa na wazee, na hadi leo hukumbukwa kila mwaka pale pale yalipofanyika.

Kinachonitia hofu ni kwamba wazee wanachoka, kambini na mjini pia. Mzee ambaye mgao wake umekatwa hana tena sukari ya kumkaribishia kijana chai, na bila ile chai hana pa kumwonyea. Lodwar imekua haraka tangu ugatuzi wa 2013. Imejaa vijana waliotoka malishoni baada ya ukame kuwamalizia mifugo, wakakuta mji una pikipiki nyingi kuliko abiria. Hawa hawana mkuki wa baba wala cheti cha shule. Nao wana kinyongo chao halali: wanaona magari ya mashirika yakipita na vumbi kwenda kambini, na kuni za mlima wao zikiuzwa kwa debe la mtama. Simu ya mkononi imefika kote. Mshawishi wa leo hahitaji kupanda jukwaa. Inamtosha kujibu ujumbe usiku, kwa upole, akamwita kijana "ndugu yangu" kabla hajamwomba kitu. Wengine hawamtaji Mungu kabisa mwanzoni. Wanataja kazi.

Kwa hiyo mizizi, kama ninavyoiona, imesukana mitatu: kijana asiye wa mahali popote, dola iliyomdhalilisha, na mtu aliyefika kwa wakati na jina jipya la kumpa. Mmoja peke yake haumwangushi mtu. Umaskini huurutubisha udongo, lakini haupandi. Na kati ya yote mitatu, wa pili ndio ulio mikononi mwetu moja kwa moja, maana askari ni wetu na vibali tunavitoa sisi.

Niseme pia jambo ambalo wataalamu wa usalama hawalipendi. Haki ya mkimbizi isitolewe kama dawa ya ugaidi. Ukimpa mtu kazi kwa sababu unamwogopa, umeshamwambia unamwona nani. Apewe kwa sababu ni haki yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu kufanya kazi, na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, umeahidi kuzigeuza kambi kuwa miji ambamo mwenyeji na mkimbizi wanaishi pamoja. Ahadi hizo zina maneno mazuri. Lakini sheria ile ile bado inamfunga kwenye eneo alilopangiwa, na kazi nyingi hazipo Kakuma.

Ombi langu kwa Wizara ya Usalama wa Ndani na kwa Serikali ya Kaunti ya Turkana ni dogo, na halihitaji mfadhili. Mwenye hati halali ya ukimbizi aachwe asafiri ndani ya kaunti hii bila kibali kingine: aende Lodwar kuuza, kusoma, kutibiwa, kisha arudi. Mwendo wa kilomita zisizofika 130. Kijana yule tuliyemwacha barabarani alikuwa amebeba mfuko wa nailoni wenye vipuri vya simu. Utingo alisema alikuwa anavipeleka kwa fundi mwenzake mjini, Mturkana, wanayeshirikiana naye kibanda.